Pande Kumi na Nne

Zamani mtu akiazima kitu kwako alikirudisha kabla hujakikumbuka. Siku hizi ukimkumbusha anakuuliza una ushahidi gani. Fundi Spika alikuwa na ushahidi wote unaotakiwa duniani. Alichokosa ni mtu wa kuusikiliza.

Jina la Spika alilipata kiwandani, akiwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, fundi umeme wa daraja la chini kabisa katika kiwanda cha nguo kilichojengwa na Wachina. Kazi yake ilikuwa kutunza vipaza sauti vilivyofungwa juu ya nguzo, vilivyotangaza zamu na, wakati wa mapumziko, kupiga muziki. Muziki wenyewe ulitoka katika chumba kidogo nyuma ya stoo ya pamba. Humo mlikuwa na mashine ya santuri na Mchina mmoja mtu mzima, bingwa wa mitambo ya kufumia, aliyejua neno moja tu la wenyeji. Neno hilo lilikuwa "polepole." Ukifungua skrubu kwa pupa, polepole. Ukila mkate umesimama, polepole. Wafanyakazi wakamwita Mzee Polepole, naye akaitika.

Mzee Polepole alimfundisha kijana mambo ambayo leo hayafundishwi popote, maana hakuna anayeyataka: kushika santuri kwa ukingo na si kwa uso, kushusha sindano kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia, kupangusa vumbi kwa kufuata mviringo na si kuukata. Alimfundisha pia kwamba santuri hazifanani. Kuna nyembamba za plastiki, nyekundu na buluu na kijani, zinazopinda mkononi kama jani. Hizo zilikuwa nyimbo za kazi na za gwaride. Kuna nyeusi za plastiki ngumu. Na kuna zile za kale, nzito, za baridi, za kuvunjika kama kigae, ambazo hazina plastiki hata chembe; zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe.

Za namna hiyo Mzee Polepole alikuwa nazo saba. Alizificha ndani ya majalada ya nyimbo za gwaride, kwa sababu enzi hizo kwao nyimbo za kale zilikuwa hazitakiwi. Alizipiga siku wakubwa wake walipokwenda mjini, sauti chini, mlango umefungwa. Ilitoka sauti ya mwanamke anayeimba, na nyuma yake uzi mmoja unalia na kibao cha mti kinagongwa. Sauti ya yule mama ilipanda mahali ambapo sauti ya mtu haina ruhusa ya kufika, ikakaa huko, ikatafuta njia ya kushuka. Kijana alisimama na bisibisi mkononi mpaka upande ukaisha.

Mkataba wa Wachina ulipomalizika, Mzee Polepole hakuthubutu kurudi nazo. Alimkabidhi kijana sanduku la mbao lenye santuri ishirini na tatu, saba nzito na kumi na sita za plastiki. Akajigusa kifua, akamgusa kijana kifua, akasema neno lake, akapanda basi. Hakuandika barua. Au aliandika, haikufika.

Kwa miaka kumi na moja Fundi Spika alikaa na sanduku lile kama watu wengine wanavyokaa na mama mzazi. Alioa. Mkewe alikuwa mwanamke wa mzaha na huruma, na mara ya kwanza kusikia santuri nzito aliweka chini sufuria na kuuliza, "Huyo mama anayelia kwenye sahani ameachwa na nani?"

"Hajaachwa," Fundi alijibu. "Anasubiri."

"Umejuaje na lugha hujui?"

"Na wewe umejuaje kwamba analia?"

Majirani nao hawakukosa la kusema. "Fundi, leo umemkanyaga paka gani?" waliuliza wakipita dirishani. Fundi hakuwajibu. Mtu anayesikiliza muziki wa redio ya jirani hana haki ya kuuliza habari za paka.

Sasa mkewe alikuwa na ndugu mmoja tu, kaka yake, kijana wa redioni, mwenye sauti ya kulainisha chuma. Watu wote walimwita Mtangazaji, hata mama yake. Alikuja Jumapili moja, akakuta upande mmoja wa yule mama unazunguka, akakaa kitako akasikiliza na mguu juu ya mguu.

"Shemeji," alisema, "hii dhahabu unaifungia ndani? Nipe sanduku hili wiki moja. Nitalifanyia kipindi, nchi nzima isikie. Nitakutaja jina."

"Wiki moja?"

"Jumapili kama leo nakuletea hapa mlangoni. Au huniamini? Dada, mwambie mumeo."

Mkewe akacheka, akasema, "Mpe, bwana. Si mtu wa kukimbia na masahani."

Fundi alikuwa mtu wa taratibu. Kabla ya kulitoa sanduku alikaa siku tatu na daftari, akanakili kwa penseli kila alama ya Kichina iliyokuwa kwenye lebo za santuri zote, mstari kwa mstari, kama mtu anayechora wadudu. Hakuelewa hata moja. Alitaka tu kujua kwamba zitakazorudi ndizo zilizokwenda.

Jumapili ikapita, na ya pili, na ya kumi. Kipindi kilirushwa. Kilipendwa. Kikapewa saa nzima kila wiki, na Mtangazaji akawaambia wasikilizaji jinsi alivyoanza kukusanya santuri za Kichina akiwa mvulana, santuri moja moja, kwa posho yake ya shule. Fundi alisikia maneno hayo akiwa juu ya ngazi, ameshika nyaya mbili, na alisema baadaye kwamba Mungu alimpenda siku ile, maana mkono wake haukutetemeka.

Alikwenda redioni. Mtangazaji akamtoa mpaka nje ya lango, amemshika bega.

"Santuri gani, shemeji? Hizi nilizonunua mimi?"

"Nina daftari. Nimeandika lebo zote."

"Daftari!" Mtangazaji akacheka, mlinzi naye akacheka kwa kuwa mkubwa kacheka. "Hata mimi naweza kuandika namba ya gari la waziri. Gari litakuwa langu?"

Alikwenda polisi, wakamwuliza kama ana stakabadhi. Alikwenda kwa wazee wa upande wa mkewe. Wakamwambia mambo ya ndani yabaki ndani. Mwisho mkewe mwenyewe alimkalia mbele, akamshika magoti. "Mwache," alisema. "Ndugu yangu ni huyo mmoja. Kosa nalijua, na mimi ndiye niliyesema umpe. Mwache kwa ajili yangu."

Akamwacha. Lakini kumwacha mtu na kumsamehe ni safari mbili tofauti, na Fundi alipanda moja tu.

Alichofanya ni kuanza upya. Kila taasisi ya Wachina iliyofungwa, kila daktari aliyemaliza zamu, kila mgahawa uliouza meza zake, Fundi alikuwepo, anapekua masanduku. Alipata santuri moja chini ya mashine ya meno. Alipata kumi na mbili ndani ya pipa la karatasi. Chumba chao cha pili kilijaa rafu alizozipigilia mwenyewe, na kwa kuwa hakukuwa na wa kumsomea lebo, alijifundisha kusoma. Alikuwa na kamusi moja isiyo na jalada, iliyoanzia ukurasa wa tisa. Alama moja kila asubuhi kabla ya chai. Msomi wa chuo angecheka. Lakini msomi wa chuo siku hizi hana hata alama moja kabla ya chai.

Mwaka wa sita wa kusoma, alifungua lile daftari la zamani akaanza kusoma alichokichora. Zile nzito saba zilikuwa hadithi moja ndefu, pande kumi na nne, na kila upande ulikuwa na namba yake. Fundi akachukua kalamu akalinganisha na mpangilio aliozoea. Kumbe Mzee Polepole alipozificha kwenye majalada alizichanganya. Kwa miaka kumi na moja Fundi alikuwa akisikiliza mwisho wa hadithi katikati, na mwanzo wake karibu na mwisho. Yule mama hakuwa akisubiri mtu. Kwa namba za kweli alikuwa kwanza anaondoka, ndipo anarudi, na pale sauti ilipopanda mahali pasipo ruhusa palikuwa ni mlango wa nyumbani kwao. Alikaa na daftari mapajani mpaka chai ikapoa. Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu duniani: kuzipata zile saba na kuzisikiliza mara moja, kuanzia upande wa kwanza hadi wa kumi na nne, kama zilivyokusudiwa.

Hawakujaliwa mtoto. Mtangazaji alikuwa na binti, na binti huyo alikulia zaidi kwa shangazi yake kuliko kwa mama yake, kwa sababu kwa shangazi kulikuwa na watu wa kumsikiliza. Alisema kuanzia kuamka mpaka kulala, wakamwita Kasuku. Fundi alimtengenezea kiti kidogo. Alimpenda, na alimwangalia, na mara nyingine binti akipiga gumzo Fundi aliona taya la Mtangazaji likisogea usoni mwake, akaangalia pembeni.

Mwaka wa thelathini na moja tangu sanduku liondoke mkewe aliugua, akafa. Alimwachia mumewe vitu viwili: chumba na ruhusa.

Siku arobaini baadaye, kukawa na tangazo gazetini. Jumba la sanaa la mji lingefungua maonyesho ya "hazina ya santuri za Kichina, mkusanyo wa maisha mazima wa mtangazaji mkongwe." Wageni kutoka Uchina wangehudhuria. Mwenyewe angepiga santuri nzito ya kale mbele yao. Fundi alilikata tangazo kwa mkasi, akalikunja, akavaa koti la msibani, akaenda nyumbani kwa shemeji yake.

Mtangazaji alikuwa amenenepa, nywele zimepakwa rangi nyeusi, sauti bado ileile. Hakumkaribisha kukaa.

"Sikuja kugombana," Fundi alisema. "Dada yako amekufa, sina wa kugombana kwa ajili yake wala wa kunizuia. Nakuomba jambo moja. Nipe zile nzito saba siku moja. Nizisikilize kwa mpangilio wake. Pande kumi na nne. Nitakurudishia kesho yake, kwa mkono wangu."

"Kwa mpangilio? Mpangilio gani?"

"Zina namba."

Mtangazaji akatabasamu. Fundi aliona kwamba hakujua. Miaka thelathini na moja hakuwahi kujua kwamba zina namba. Redioni mafundi ndio walioweka sindano. Yeye aliweka maneno.

"Shemeji yangu," Mtangazaji alisema, "njoo siku ya ufunguzi. Kaa nyuma kule. Utasikia kama watu wengine."

Alimpa kadi ya mwaliko. Ilikuwa nzuri, ya karatasi nene.

Siku nne kabla ya ufunguzi Kasuku alibisha hodi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mitano sasa, karani wa mahakama, lakini alipoingia alipiga goti dogo kama zamani. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

"Sikai, nina haraka. Baba hajui nimekuja, akijua ataniua. Mjomba, zile santuri zimeota ukungu. Tangu baba aache kuzipeleka redioni zimekaa chini ya kitanda, nyumba yenyewe unaijua ina unyevu. Zimekuwa nyeupe kama zimepakwa unga. Nikamwambia tumwulize mjomba, akasema, 'Mimi nikamwulize fundi wa spika?' Nikasema basi naenda mwenyewe." Alifungua taulo. Ndani mlikuwa na santuri moja nyeusi.

Fundi aliichukua kwa ukingo. Ilikuwa moja ya zile kumi na sita. Plastiki. Aliijua kabla ya kuigeuza. Vidole vyake vilifika mahali ambapo lebo ilikuwa na kovu la moto wa sigara ya Mzee Polepole.

Kisha alisimama, akashusha rafuni chupa ya spiriti, kitambaa cha pamba na bakuli la maji. Alichanganya. Alipangusa kwa kufuata mviringo, mara moja, mara mbili. Ukungu ukaondoka. Santuri ikameremeta, kila mfereji mdogo ukaonekana kama uzi.

"Ehe!" Kasuku alipiga makofi. "Kumbe ni spiriti tu! Hivi hivi?"

"Hivi hivi."

"Na zote nifanye hivi? Na zile nzito?"

Spiriti haiidhuru plastiki. Lakini utomvu wa wadudu ndio ule ule ambao maseremala wa zamani waliutumia kung'arisha makabati, na waliuyeyusha kwa kitu gani? Kwa spiriti. Seremala yeyote mwenye mvi anajua. Kitambaa kimoja chenye spiriti kikipita juu ya santuri nzito, mifereji inalainika na kuungana, na sauti iliyokaa humo tangu kabla ya babu zetu inatoka nje kwenye kitambaa.

Fundi Spika alijua hayo yote akiwa ameshika kitambaa. Alikuwa na neno moja tu la kusema, "Usithubutu," na lilifika mpaka kwenye meno. Aliziona njia mbili zikiondoka hapo alipokaa, moja inakwenda kwenye upande wa kwanza hadi wa kumi na nne, labda, siku moja, kwa huruma ya mtu yule. Nyingine inakwenda kwenye ukumbi, watu wamekaa.

"Baba yako ndiye mtaalamu," alisema. "Mwulize yeye. Chochote atakachosema kuhusu zile nzito, fanyeni."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi ni fundi wa spika."

Kasuku akacheka, akambusu mkono, akafunga santuri yake kwenye taulo, akaondoka na chupa ya spiriti aliyopewa. Fundi alisikia viatu vyake vikishuka ngazi, ghorofa ya pili, ya kwanza, mlango wa chini. Alikuwa na muda wote huo wa kwenda dirishani na kumwita. Alikwenda dirishani. Hakumwita.

Yaliyotokea nyumbani kwa Mtangazaji aliyasikia baadaye. Binti alimwuliza baba yake, "Na hizi nzito, spiriti pia?" na baba, ambaye hakuwa amesema "sijui" tangu alipopewa kipaza sauti, akasema, "Hizi ndizo zinazohitaji zaidi. Tena ya moja kwa moja, bila maji. Nipe hapa." Alizipangusa kwa mkono wake, upande kwa upande. Kitambaa kilipotoka cheusi alifurahi. "Unaona uchafu huu? Miaka mingapi!" Walitumia vitambaa sita. Alitoka jasho. Zilipokauka zilimeremeta kuliko zilivyowahi kumeremeta, akazibusu, na hakuzijaribu kwa sababu, alivyomwambia binti yake, santuri ya kale haipigwi ovyoovyo.

Siku ya ufunguzi Fundi alikaa nyuma, kama alivyoelekezwa. Alikuwa ameoga, amenyoa, amevaa koti lilelile la msibani. Ukumbi ulijaa: watu wa redio, watu wa serikali, mabinti wenye simu, na mbele kabisa wageni saba kutoka Uchina. Mmoja wao alikuwa mzee sana, amevaa kofia ya sufu, na mkalimani wake alikuwa kijana mdogo mwenye tai. Santuri zilikuwa ndani ya kabati la kioo. Fundi alizitazama kutoka mbali akaona jinsi zinavyong'aa. Akajua. Kitu kama maji baridi kilimshuka mgongoni, na hakuweza kusema kama ni furaha. Alikiita furaha.

Mtangazaji alizungumza dakika arobaini. Alisimulia posho ya shule. Alisimulia jinsi anavyozifahamu santuri zake "kama viganja vya mikono yangu." Kisha akavaa glovu nyeupe, akatoa santuri nzito, akaiweka kwenye mashine ya kukodi, akashusha sindano. Mzee wa kofia ya sufu alijisogeza mbele, akaweka mkono nyuma ya sikio.

Ukumbi ukajaa ngurumo. Haikuwa na sauti ya mtu, wala uzi, wala kibao. Ilikuwa kama lori linamwaga changarawe. Mtangazaji alitabasamu, akasubiri. Changarawe ikaendelea kumwagwa. Alinyanyua sindano, akaishusha mbele kidogo. Changarawe. Akageuza upande. Akachukua santuri ya pili.

Yule mzee alimnong'oneza mkalimani. Kijana akasimama kwa adabu. "Mgeni anauliza, hii ni mvua? Mchezo unaanza na mvua?"

Mtu mmoja alicheka. Kisha kumi. Mabinti wakainua simu. Kutoka safu ya watu wa redio sauti ikasema, "Mzee, umetuwekea kokoto za kujengea?" na ukumbi ukapasuka.

Santuri ya tatu. Ya nne. Fundi alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, anahesabu kimya: pande tatu, nne, tano. Kila upande aliujua kwa namba yake ya kweli.

Ndipo Mtangazaji alipomwona. Macho yake yalitembea ukumbini kama mtu anayetafuta mlango, yakagota kwenye koti la msibani, na uso wake ukapata nafuu.

"Ndugu zangu," alisema, na ile sauti ya kulainisha chuma ilirudi, "ukweli lazima usemwe hata kama unauma. Nilitaka kumsitiri mtu. Santuri hizi nzito, na hizo nyingine zote, kwa kweli si zangu. Ni za shemeji yangu, yule pale nyuma. Aliniachia nimtunzie. Nadhani tangu zamani alikuwa hajui kuzihifadhi, na haya ndiyo matokeo."

Vichwa vyote vikageuka. Fundi Spika alisimama taratibu.

"Rudia," alisema.

"Nini, shemeji?"

"Hilo neno la kwanza. Rudia wasikie."

Mtangazaji alivua glovu moja. "Si zangu."

"Ni za nani?"

"Zako."

"Zote ishirini na tatu?"

"Zote. Zako, zako! Nani anazitaka?"

Fundi alitembea katikati ya viti mpaka mbele. Miaka thelathini na moja alikuwa amepanga maneno ya siku hiyo, na aliporudi kuyatafuta hakuyakuta. Akasema tu, "Ni kweli. Ni zangu. Mmesikia wote." Akafungua kabati la kioo. Ofisa wa jumba akakimbia, "Mzee, haziguswi hizo!" na Fundi akamjibu, "Mwenyewe ndiye anayezigusa." Akazipanga moja moja ndani ya lile sanduku la mbao, lililokuwa limewekwa pale kwa maonyesho, akamwinamia mzee wa kofia ya sufu, akatoka. Nyuma yake Mtangazaji alikuwa bado anaeleza, na hakuna aliyekuwa anamsikiliza. Wiki hiyohiyo redio ilimwondolea kipindi, na mitaani watoto wasiomjua walimwita Mzee Kokoto.

Kasuku alimfikia kwenye ngazi za nje. Mara hii hakupiga goti.

"Ulijua," alisema.

"Nilikwambia umwulize baba yako."

"Ulijua kwamba hajui. Ulinitazama mimi, mjomba, mimi uliyenitengenezea kiti, ukanipa chupa nikaibebe."

"Mkono uliopangusa haukuwa wako. Sikusema uongo hata neno moja."

"Afadhali ungesema uongo." Alikuwa analia bila kupangusa. "Shangazi angekwambia nini?"

"Shangazi yako alikwisha sema. Alisema nimwache. Nilimwacha miaka thelathini. Sasa yuko mahali ambapo hawezi kuniomba tena."

Kasuku alimtazama kana kwamba amekuta mtu mwingine ndani ya koti lile, akarudi ndani kwa baba yake.

Nyumbani Fundi aliziweka zile saba juu ya rafu, kwa mpangilio, upande wa kwanza juu. Aliweka ya kwanza kwenye mashine, akashusha sindano, akasikiliza changarawe kwa pumzi tatu, kisha akainyanyua. Sindano nzuri hailishwi mawe. Watu wa mtaani walipomwuliza kama anajuta aliwaambia kwamba mtu hujutia kosa, na kosa lilifanyika miaka thelathini na moja iliyopita na mtu mwingine. Alisema hivyo kwa sauti kubwa, na alisema mara nyingi.

Mara ya mwisho Fundi alimwona Mtangazaji na bintiye katika korido ya kliniki ya macho, mwaka mmoja na miezi kadhaa baadaye. Alikuwa kwenye benchi na karatasi yake ya namba. Walitoka chumba cha daktari, baba na binti, baba amefungwa bandeji jicho la kushoto na la kulia linatoa machozi ya dawa, rangi ya nywele imeisha, amemshika binti yake kiwiko na anakanyaga kama sakafu ina maji. Kasuku alimwona Fundi. Walitazamana. Fundi alinyanyuka nusu, mkono umeshika benchi, mdomo umefunguka, na yeye mwenyewe hakujua kama lililokuwa linakuja lilikuwa salamu au tusi.

Mtangazaji alisimama, akageuza uso huku na huku. "Kuna mtu hapa?" aliuliza, na sauti ilikuwa ya mzee yeyote. "Nani huyo?"

"Hakuna mtu, baba," Kasuku alisema. "Twende."

Wakaenda, polepole, wakakata kona ya chumba cha dawa. Muuguzi akatoka na orodha, akaita namba ya Fundi, akaita tena.